Mamlaka ya Kompyuta Yatolewe Kama Masurufu

Upo ubishi unaoendelea chini chini katika ofisi nyingi, za Serikali, za mashirika ya umma na za watu binafsi. Upande mmoja wako watunga programu, yaani wale wataalamu wanaoandika na kurekebisha mifumo ya kompyuta tunayoitumia kila siku. Upande wa pili wako wasimamizi wa mitambo, waliokabidhiwa usalama wa kompyuta na kumbukumbu zilizomo. Watunga programu wanadai wapewe mamlaka kamili juu ya kompyuta wanazofanyia kazi. Wasimamizi wanajibu kwamba kuyatoa mamlaka hayo ni kuiacha ofisi wazi usiku na mchana. Kila upande unamwona mwenzake kuwa ndiye kikwazo cha kazi.

Ubishi huu haupasi kuachiwa mafundi peke yao. Linalobishaniwa ni mali ya umma. Leo mshahara wa mtumishi, likizo yake, uhamisho wake na tathmini ya utendaji wake vyote hupita ndani ya kompyuta. Mwalimu aliyeko Newala, anayesubiri uhamisho ili aishi na familia yake, hamjui mtu anayeweza kulifungua jalada lake, kulibadili au kulifuta. Wala si kazi yake kumjua. Lakini anayo haki ya kuamini kwamba mtu huyo yupo kwa idhini, kwamba anajulikana, na kwamba anachokifanya kinaandikwa mahali.

Tueleze kwanza mamlaka yanayogombewa. Kompyuta ya kazini huwa na watumiaji wa aina mbili. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuandika barua, kujaza taarifa na kutumia programu alizowekewa. Mtumiaji mwenye mamlaka ya usimamizi anaweza zaidi ya hapo: huweka programu mpya, huondoa za zamani, husoma majalada ya wengine, na akitaka huuzima hata ulinzi wenyewe. Na jambo la kukumbuka ni hili, kwamba programu yoyote anayoifungua mtu hutenda kazi kwa mamlaka ya mtu huyo. Karani akifungua barua pepe yenye virusi, virusi hivyo hupata uwezo wa karani. Msimamizi akiifungua barua hiyo hiyo, virusi hupata uwezo wa msimamizi. Mwizi hahitaji kuvunja mlango aliokwisha kufunguliwa na mwenye nyumba.

Hata hivyo, hatuwezi kuwalaumu watunga programu kwa kudai mamlaka hayo. Kazi yao si ya kujaza fomu. Mtunga programu huhitaji kuweka zana mpya, kuwasha seva ya majaribio, kulifuatilia kosa mpaka ndani kabisa ya mfumo, kuvunja na kuunda upya. Mengi ya mambo hayo hayawezekani kwa mamlaka ya mtumiaji wa kawaida. Kama kwa kila jambo dogo inambidi aandike maombi, na msimamizi yuko semina hadi wiki ijayo, basi kazi hulala. Nayo ikilala si yeye peke yake anayeumia. Mhasibu wa halmashauri anayesubiri kosa la mfumo lirekebishwe ili afunge hesabu za mwezi naye husubiri, na wazabuni wanaodai malipo yao husubiri nyuma yake.

Hiyo ndiyo haki ya upande mmoja. Sasa tutazame hatari, maana si ya kufikirika.

Mwaka 2022 kampuni iitwayo LastPass, ambayo kazi yake hasa ni kuwatunzia watu maneno yao ya siri, iliingiliwa mara mbili. Mara ya kwanza, mwezi Agosti, wezi waliingia kwa kupitia kompyuta ya mtunga programu mmoja, wakachukua sehemu ya maandishi ya programu za kampuni. Kisha walimfuata mtaalamu mwingine, mmoja kati ya wanne tu waliokuwa na funguo za kufungulia hazina ya kumbukumbu za akiba. Hawakumfuata ofisini. Walimfuata nyumbani, wakapenya katika kompyuta yake kwa kutumia dosari ya programu ya kutazamia sinema na kusikiliza muziki. Wakaweka humo kijiprogramu cha kunakili kila herufi aliyoibonyeza, wakalipata neno lake la siri, na kwa njia hiyo wakazifikia nakala za kumbukumbu za wateja. Watu wanne tu ndio waliokuwa na funguo, na bado ilitosha kumpata mmoja.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2017. Tarehe 27 Juni mwaka huo virusi vilivyokuja kuitwa NotPetya vilianza kusambaa kutoka nchini Ukraine. Viliingizwa kwa kupitia masahihisho ya programu ya hesabu za kodi iliyokuwa ikitumiwa na makampuni mengi ya huko. Vikiingia katika kompyuta moja, vilitafuta kumbukumbu za maneno ya siri ya watu waliowahi kuitumia. Ikiwa mmojawapo alikuwa na mamlaka ya usimamizi katika kompyuta nyingine, virusi viliyavaa mamlaka hayo na kwenda huko, na kutoka huko kwenda kwingine. Kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilijikuta mitambo yake imezimika duniani kote. Mwenyekiti wake alieleza baadaye kwamba iliwabidi kuunda upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika muda wa siku kumi. Hasara ya kampuni hiyo ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300 za Kimarekani.

Ipo sehemu ya habari hiyo inayotuhusu sisi Waafrika. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na mamlaka ya kila mmoja zilikuwa zimewekwa katika nchi nyingi, kila moja ikibeba nakala ya nyenzake, na zote zilifutwa. Ilisalia moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla virusi havijafika. Kampuni yenye meli katika bahari zote iliokolewa na kukatika kwa umeme. Sisi tunaoyajua matatizo ya umeme tunaweza kutabasamu, lakini tusijidanganye kwamba kukatika kwa umeme ni mpango wa usalama.

Na si lazima pawe na adui. Tarehe 31 Januari 2017 mtaalamu mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika hadi usiku kurekebisha hitilafu. Alikusudia kufuta majalada katika seva ya akiba. Kwa uchovu akatoa amri ile katika seva kuu. Alipogutuka na kuizuia, kumbukumbu zilizokaribia gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki nne na nusu. Walipozikimbilia nakala za akiba waligundua kwamba njia kadhaa walizozitegemea zilikuwa hazifanyi kazi kwa muda, wala hapakuwa na aliyejua. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, ambayo haikuchukuliwa kwa ajili ya dharura kama ile. Kampuni hiyo haikuficha, bali ilieleza yote hadharani, na kwa hilo inastahili sifa. Mtaalamu yule hakuwa mwizi wala mzembe. Alikuwa mtu hodari aliyechoka, mwenye mamlaka yasiyo na kizuizi, na hapakuwa na wa kumwuliza: ndugu, una hakika?

Baada ya kuisikia mifano hii, wako viongozi wa ofisi watakaosema mara moja: basi wanyang'anywe wote. Jibu hilo ni rahisi, lakini si jibu. Historia yetu wenyewe inatufundisha. Mwaka 1974, baada ya jitihada za kuingiza hesabu za Hazina katika kompyuta kwenda mrama, nchi yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta isipokuwa kwa kibali maalum. Sababu zilikuwepo, maana fedha za kigeni zilikuwa haba na matokeo hayakulingana na gharama. Lakini zuio lile, hata lilipokuja kulegezwa, lilikuwa limetuchelewesha kupata ujuzi ambao baadaye tulilazimika kuutafuta kwa haraka. Marufuku huondoa hatari ya leo kwa kukopa hatari ya kesho.

Ndivyo ilivyo katika ofisi. Mtunga programu aliyenyimwa kila kitu haachi kufanya kazi. Hutafuta njia ya panya. Hunakili kazi kwenye kompyuta yake ya nyumbani, ambako hakuna msimamizi wala daftari, na hapo ndipo tuliposimulia kwamba wezi wa LastPass walimkuta mtu wao. Au humwomba rafiki yake neno la siri la msimamizi, na kabla ya mwaka kwisha neno hilo linajulikana kwa watu kumi na limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Sheria ngumu isiyotekelezeka huzaa siri, na siri ndiyo adui wa usalama. Msimamizi anayekaa juu ya maombi ya wenzake kwa wiki tatu, akidhani kwamba kukataa ni kulinda, huo si ulinzi bali ni umangimeza, nao umangimeza tuliupiga vita zamani kwenye meza za makarani. Hatuna sababu ya kuukaribisha tena kwa kuwa sasa umekalia kompyuta.

Iko njia ya tatu, wala si ngeni duniani. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala juu ya ulinzi wa kumbukumbu katika kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizozieleza ilikuwamo hii, kwamba kila programu na kila mtumiaji atende kazi kwa mamlaka machache kadiri inavyowezekana, yale tu yanayohitajika kuikamilisha kazi iliyo mbele yake. Karibu mwaka 1980, katika chuo kikuu kimoja cha mjini Buffalo, Marekani, ikatungwa programu ndogo iitwayo sudo. Humruhusu mtu wa kawaida kutoa amri fulani kwa mamlaka ya msimamizi, bila kuwa msimamizi wa kudumu, na amri aliyoitoa huandikwa kwenye kumbukumbu. Programu hiyo inatumika hadi leo ulimwenguni kote.

Watumishi wa umma hawana haja ya kwenda Buffalo kuielewa kanuni hii. Wanaijua kwa jina la masurufu. Mtumishi anayesafiri kikazi hakabidhiwi ufunguo wa kasha la fedha ili ajichukulie. Wala haambiwi asisafiri kwa kuwa fedha zaweza kupotea. Huandika kusudio la safari, huidhinishiwa kiasi kinacholingana na siku zake, hupewa, hutumia, na akirudi hufanya marejesho kwa stakabadhi. Asiporejesha hukatwa mshahara, wala hapewi masurufu mengine kabla hajayamaliza yale ya kwanza. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa kwa kudaiwa marejesho. Utaratibu huo unamlinda mwajiri, na unamlinda zaidi mtumishi mwaminifu, kwa sababu siku fedha zikipotea anazo karatasi za kuonyesha kwamba si yeye.

Basi mamlaka ya kompyuta nayo yatolewe kwa utaratibu huo huo: kwa kazi iliyotajwa, kwa muda uliowekwa, na kwa marejesho. Tunapendekeza mambo matano ambayo ofisi yoyote yaweza kuyaanza bila kusubiri fungu jipya la bajeti.

Kwanza, mtunga programu awe na majina mawili ya kuingilia. Moja ni la kawaida, la kusomea barua pepe na kutembelea intaneti. La pili ni la mamlaka, la kutumiwa wakati wa kazi inayolihitaji tu, na asisomee barua pepe kwalo hata mara moja. Hatua hii pekee huziba mlango ambao virusi vingi huingilia.

Pili, apewe uwanja wake wa majaribio. Hii iwe ni kompyuta, au sehemu ya kompyuta iliyotengwa, ambayo yeye ni mtawala kamili, aweke na kuvunja atakavyo bila kumwomba mtu. Lakini uwanja huo usiunganishwe na mfumo unaotumika, wala usiwekwe kumbukumbu za watu halisi. Majina ya walimu na mishahara yao si vitu vya kufanyia mazoezi. Tukumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imemtwika kila anayekusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na mjadala wa ndani baina ya mafundi hautakuwa utetezi mbele ya sheria hiyo.

Tatu, katika mfumo unaotumika, yaani ule unaolipa na kutunza, mtu mmoja asiwe na mamlaka ya kubadili peke yake. Hati ya malipo hupita mikononi mwa anayeiandaa na anayeiidhinisha. Mabadiliko ya mfumo wa malipo nayo yaandaliwe na mmoja, yakaguliwe na mwingine. Panapotokea dharura usiku, mamlaka yatolewe kwa saa chache, yajifunge yenyewe muda ukiisha, na asubuhi ielezwe kilichofanyika.

Nne, kila matumizi ya mamlaka yaandikwe, na maandishi hayo yatunzwe mahali ambapo mwenye mamlaka hawezi kuyafuta. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ambalo mshukiwa mwenyewe ndiye anayelitunza si daftari. Kadhalika, neno la siri la usimamizi lisifanane katika kompyuta zote za ofisi, ili mwizi akilipata moja asiwe amezipata zote. Na mtumishi akihamishwa, akistaafu au mkataba wake ukiisha, mamlaka yake yaondolewe siku hiyo hiyo anapokabidhi ofisi.

Tano, na hili tunalisisitiza, wasimamizi wa mitambo nao wafungwe na wajibu. Programu zinazotumiwa mara kwa mara na watunga programu zikaguliwe mapema na kuwekwa tayari, ili mtu ajichukulie bila maombi. Maombi mengine yajibiwe kwa muda uliotangazwa, kwa saa na si kwa majuma, na yakikataliwa sababu iandikwe. Ofisi inayomnyang'anya mtu ufunguo imebeba deni la kumfungulia mlango anapobisha hodi. Isipolilipa deni hilo, haina haki ya kushangaa watu wanapopitia dirishani.

Lipo jambo moja zaidi ambalo aghalabu halisemwi. Katika ofisi nyingi anayeshikilia mamlaka asiyoyahitaji si mtunga programu, bali ni mkubwa wa ofisi. Mkurugenzi huagiza kompyuta yake ifunguliwe kila kitu kwa sababu ya cheo chake, ilhali kazi yake ni kusoma taarifa na kutia saini. Fundi kijana hathubutu kumkatalia. Nasi tunasema kwamba mamlaka haya hayafuatani na ngazi ya mshahara. Mkubwa anayetaka walio chini yake wakubali utaratibu na aanze yeye kuyarudisha asiyoyatumia. Hapo fundi atapata nguvu ya kuwaeleza wengine.

Walimu nao wasidhani kwamba habari hii ni ya wizarani tu. Shule iliyo na kompyuta moja katika ofisi ya Mwalimu Mkuu, inayotumiwa kuandaa mitihani, kutunza alama na pia kuchapishia barua za majirani, iko katika mtihani huo huo. Mwalimu anajua kwamba karatasi za mtihani hazilazwi mezani. Alama za wanafunzi zilizo ndani ya kompyuta ni karatasi zile zile. Kompyuta hiyo iwe na jina la msimamizi lenye neno la siri linalojulikana kwa wawili tu, na walimu wengine wote, hata Mwalimu Mkuu mwenyewe katika kazi za kila siku, waingie kwa majina ya kawaida. Haigharimu hata shilingi moja.

Tunarudia kwamba watunga programu si maadui wa usalama, wala wasimamizi si maadui wa maendeleo. Nchi inawahitaji wote wawili, na inawahitaji wakiwa wanazungumza. Kila ofisi yenye mfumo wake na iwakalishe pamoja mezani, iwape orodha moja ya kujaza: ni nani leo ana mamlaka ya usimamizi, kwa kazi gani, tangu lini na mpaka lini. Palipokosekana jibu katika orodha hiyo, ndipo pa kuanzia. Kazi hiyo yaweza kufanyika wiki hii, kabla virusi havijaja kuijaza orodha kwa niaba yetu, maana hatuwezi kuomba umeme ukatike kila tunapokuwa hatarini.